Vita Vilivyokwisha na Nyumba Zilizobaki

Wazazi wengi wamepata kuulizwa na watoto wao swali hili: kwa nini mataifa hupigana? Mtoto husikia habari za vita redioni, naye hushangaa, kwa kuwa yeye akimpiga mwenzake shuleni huadhibiwa, hali watu wazima wapiganao kwa mizinga hupewa nishani. Swali hili si la kitoto. Tumeona vema tulitazame, si kwa kusafiri hata Ulaya au Asia, bali kwa kusimama katika pembe moja ya nchi yetu wenyewe, kaskazini magharibi, penye wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambako mto mmoja umekuwa shahidi wa mambo mengi.

Yafaa msomaji aliye mbali, wa Mtwara au wa Sumbawanga, aelezwe kwanza jinsi mto Kagera unavyopita. Watoka kusini ukiitenga Tanzania na Rwanda. Ufikapo kwenye pembe ya Kyerwa wageuka kuelekea mashariki, ukaitenga Tanzania na Uganda. Mtu asimamaye Murongo hutazama ng'ambo akaiona Kikagati, mji wa Uganda, karibu kiasi cha kumtambua mtu kwa mwendo wake. Lakini mbele zaidi, upande wa Missenyi, mto waingia wote katika nchi yetu na kupita Kyaka, na mpaka hauufuati tena. Huko mpaka ni mstari usioonekana kwa macho, digrii moja kusini ya Ikweta, uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano yaliyotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai, 1890, mbali kabisa na maji ya Kagera.

Nchi iliyo kati ya mto na mstari huo, yapata kilometa za mraba 1,800, ndiyo aliyoiteka Idi Amin mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba tangu siku hiyo ni sehemu ya Uganda, na ya kuwa mpaka wa haki ni mto. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa kwa baruti.

Je, tumjibu mtoto kwamba vita vile vilitokana na mpaka? Tukisema hivyo tutakuwa tumempa jibu la ramani tu. Mpaka ulikuwapo tangu 1890, wala hatujapata kusikia kwamba Mnyambo wa Karagwe au Mnyankole wa ng'ambo aliamka asubuhi akitaka kumwua mwenzake kwa ajili ya digrii moja ya Ikweta. Lugha zao zasikilizana. Ng'ombe wao ni wa aina moja. Wameoana na kuzikana. Tena mwaka 1964 huko Cairo wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana, kwa hoja iliyoletwa na Mwalimu Nyerere, kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Hawakufanya hivyo kwa kuwa mipaka ile ni mizuri. Walifanya hivyo kwa kuwa walijua ya kwamba atakayeng'oa jiwe moja la mpaka atawafundisha wengine kung'oa yao.

Sababu hapana budi tuitafute nyumbani mwa yule aliyeanza. Amin alitwaa serikali kwa bunduki tarehe 25 Januari, 1971, na mtu aliyeingia kwa mlango huo hulala usiku akiutazama mlango huo huo. Alikuwa amewafukuza Waasia mwaka 1972, na biashara ya nchi ikafa mikononi mwa waliogawiwa maduka wasiyoweza kuyaendesha. Kufika 1978 jeshi lake lilikuwa limegawanyika, na baadhi ya askari walikuwa wameasi. Mtawala wa namna hiyo aonapo moto ndani ya nyumba yake hutafuta adui nje, ili waliomo ndani wasahau kutazamana. Hili si la Uganda peke yake. Waargentina walikumbuka visiwa vya Falkland mwaka 1982, wakati majenerali waliowatawala walipokuwa wamechokwa na watu wao wenyewe.

Lakini haki yatudai tuseme na la upande wetu. Nchi yetu ilimpokea Obote alipopinduliwa, na mwezi Septemba 1972 wafuasi wake wenye silaha walivuka kutoka kwetu wakaishambulia Mbarara na Masaka, wakashindwa. Amin alijibu kwa kuitupia mabomu miji ya Bukoba na Mwanza. Mapatano ya Mogadishu, Oktoba mwaka ule ule, yaliuzima moto, ila makaa yakabaki chini ya majivu. Kumpa mkimbizi kitanda ni tendo la huruma. Kumpa njia ya kurudi kwao na bunduki ni jambo jingine, hata kama aliyeko kwao ni mwuaji. Twaelewa kwa nini lilitendwa. Hatuwezi kusema halikuwa na gharama.

Tarehe 2 Novemba, 1978 Mwalimu aliliambia taifa maneno ambayo wazee hata leo huyasema kwa moyo: kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Mtu aliyesoma mafundisho ya Kanisa hawezi kuyasikia maneno hayo matatu asimkumbuke Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha kwamba vita vya haki vyahitaji mambo matatu: mamlaka halali, sababu ya haki, na nia njema. Sababu yapatikana katika orodha zote mbili, na nia pia. Ila nia ya Mwalimu siku ile ilikuwa uthabiti wa moyo wa kutorudi nyuma. Nia aisemayo Mtakatifu Tomaso ni swali linalomfuata askari kila siku ya safari: wataka nini hasa? Wataka amani, au wataka kulipiza?

Kwa habari ya sababu, sisi hatuna shaka. Watu walikuwa wameuawa, wanawake wametendewa jeuri, ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wameswagwa kwenda Uganda, kiwanda cha sukari kimeporwa, na kanisa la Kyaka limebaki magofu. Serikali isiyowalinda watu wake katika hali hiyo ina faida gani? Lakini nia ni kitu kinachochakaa njiani. Majeshi yetu yalipovuka Januari 1979, mji mdogo wa Mutukula ulisawazishwa na ardhi, na baada ya kutekwa Masaka na Mbarara majengo mengi yalibomolewa kwa baruti, kwa kisasi cha yale yaliyotendwa kwetu. Waliokaa katika nyumba zile hawakuwa Amin. Mambo haya hayasimuliwi sana katika sherehe zetu, nasi twaona ni kosa, kwa kuwa taifa lililopigana kwa haki lina nguvu ya kutosha kuyakiri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, 1979. Siku na mwezi kama huo, mwaka 1963, Baba Mtakatifu Yohane XXIII alikuwa ametoa barua yake Pacem in terris juu ya amani duniani. Waganda wenyewe hawakuipata amani upesi: risasi ziliendelea kulia kwao hata 1986.

Sasa turudi nyumbani, maana huku ndiko vita hukaa zaidi. Wakati ule Kyerwa ilikuwa ingali sehemu ya wilaya ya Karagwe. Ilitengwa mwaka 2012. Vijana walijiunga na mgambo, kama walivyofanya wenzao wa kila mkoa, na jeshi likakua kwa makumi ya maelfu katika miezi michache. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari. Hakuna aliyenung'unika, watu walitoa ng'ombe na chakula kwa hiari, na moyo ule ulikuwa wa fahari. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ilipokwisha mikanda haikulegezwa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika tangu 1977, na gharama ya vita ikaja juu ya hayo yote. Mama wa nyumbani ambaye hakupata kuona kifaru hata kimoja aliviona vita katika foleni ya sabuni, katika chai isiyo na sukari, na katika sare ya mtoto iliyotiwa viraka mpaka kitambaa cha kwanza kikawa hakijulikani.

Na hapa lipo jambo ambalo twataka wazazi walifikiri. Upungufu haukuondoa vitu mezani tu, ulibadili tabia. Mpakani magendo yakawa njia ya kuishi. Mkulima wa Karagwe aliyeona bei ya kahawa ya ng'ambo kuwa bora kuliko ya kwao aliivusha usiku, akarudi na sabuni na nguo. Je, alikuwa mwizi? Sheria ilisema ndiyo, na mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkali wa wahujumu uchumi nchi nzima. Lakini watoto waliokula chakula kilichotokana na kahawa ile walijifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba yako ya kusema mchana na yako ya kutenda usiku. Shule ya namna hiyo haifungwi kwa tangazo la serikali.

Mwaka ule ule wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa kwa magendo kutoka Uganda. Wataalamu wangali wakibishana ni kiasi gani mwendo wa majeshi uliusaidia kuenea, nasi hatutaamua yanayowashinda. Lakini angalia jina lenyewe: watu walipotaka kuueleza msiba mpya walilichukua neno kutoka sokoni, katika biashara iliyozaliwa na upungufu. Vijiji vingi vya mkoa ule vilibaki na bibi na wajukuu, kizazi cha kati kikiwa kimezikwa migombani.

Kisha mto ukaleta mengine. Tarehe 1 Oktoba, 1990 vita vya Rwanda vilianzia Kagitumba, karibu na pale nchi tatu zinapokutana, ng'ambo tu ya Kyerwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maji ya Kagera yalibeba maiti mpaka Ziwa Viktoria, hata watu wa mwambao wakaogopa kula samaki. Wakimbizi wakaja maelfu kwa maelfu. Wengi walivukia Rusumo wakakaa Ngara, na Karagwe nayo ikawa na makambi yake. Wenyeji waliwapokea vema mwanzoni, kwa ndizi na kwa maji. Tusifiche, hata hivyo, kwamba ukarimu nao huchoka. Miti ilikatwa kwa kuni mpaka vilima vikabaki vitupu, mashamba yakavunwa na wasioyalima, na silaha zilizoingia pamoja na watu zilibaki hata baada ya wakimbizi wengi kurudishwa kwao Desemba 1996. Kwa miaka mingi baadaye mabasi ya kwenda huko yalisafiri kwa misafara, askari wenye bunduki wakiyasindikiza porini kwa ajili ya majambazi. Katika vita vile Tanzania haikupiga hata risasi moja. Hata hivyo mkulima wa Karagwe alivilipia.

Ndiyo maana twasema hesabu ya vita huandikwa vibaya. Mwenye kuvitangaza huhesabu askari na risasi, na akishinda huhesabu miji. Hapana waziri wa fedha aliyepata kuandika katika kitabu chake kilima kilichokatwa miti, au mtoto aliyejifunza uongo wa usiku, au mke wa askari aliyesubiri barua isiyofika. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, twawakumbuka waliotufia, na wengi wao wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Ni vema na haki kufanya hivyo. Lakini mtoto aliyetuuliza kwa nini mataifa hupigana, tumpelekapo Kaboya, tumwonyeshe makaburi kisha tumwambie na habari za foleni, na za Mutukula pia, asije akadhani kwamba vita ni gwaride.

Siku hizi mtu ashukaye Murongo huona mambo mengine. Wanawake wavuka na mikungu ya ndizi, vijana wasukuma baiskeli zilizopakiwa mizigo, na jirani na hapo, palepale mtoni, kiko kituo cha umeme cha megawati 14 ambacho umeme wake hugawanywa kati ya Uganda na Tanzania. Maafisa wa forodha wa pande mbili huamkiana kwa lugha za mababu zao. Ukimwuliza mzee aketiye pale kivulini ni nani aliyeshinda mwaka 1979, atakujibu bila kusita kwamba ni sisi. Ukimwuliza miezi 18 ile ilikwisha lini, atanyamaza kidogo, kisha atakuuliza wewe umetoka wapi.