Nani Ashike Amana ya Mama?

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza kama sarafu za mtandaoni ni za kuaminiwa au la, hebu nikuulize wewe kwanza: umewahi kukabidhiwa hela isiyo yako? Sizungumzii hela ya kutumwa dukani. Nazungumzia hela ambayo mwenyewe ameitafuta mwaka mzima, akaikunja kwenye leso, akakupa mkononi, akasema, "Nitunzie." Halafu akaenda zake kulala.

Mama yangu anacheza mchezo. Kwa asiyejua (na mjini hapa sidhani kama yupo) mchezo ni upatu: wanawake 12 wa mtaani kwetu, kila mmoja anatoa shilingi 150,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anazoa zote. Kijumbe wao hana leseni, hana mhuri, hana hata risiti. Ana daftari la shule lenye picha ya twiga juu. Lakini nyumba yake inajulikana, wanawe wanajulikana, msiba wake ukitokea tutauzika sisi. Miaka ya nyuma kijumbe mwingine alihama usiku na hela za watu. Hata leo jina lake likitajwa watu wanaguna, na nasikia alikohamia hajapata hata wa kumwazima kinu. Hiyo ndiyo bima ya mchezo: aibu.

Mwishoni mwa Oktoba 2024 zamu ya mama ilifika. Milioni 1 na laki 8. Akazituma kwenye simu yangu maana simu yake, anasema, "ina matapeli ndani," na mimi ndiye msomi wa nyumba. Zilikuwa za ada ya mdogo wangu Januari, na zilizobaki za mabati.

Sasa nina mshikaji wangu mmoja, kijiweni tunamwita Profesa. Huyu bwana akikaa chini kuieleza Bitcoin hata muuza kahawa anasahau kugonga vikombe vyake. Na lazima niseme ukweli, hoja zake si za kitoto. Anaanza na ule msemo wetu, akiba haiozi. "Inaoza, bwana!" Mwaka 1997 dola moja ilikuwa karibu shilingi 600, mwaka 2024 ilivuka 2,600. Aliyechimbia shilingi zake chini ya godoro tangu enzi zile anazo zote, hakuna aliyemwibia, na ameibiwa. Benki je? Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 kwa mpigo kwa kukosa mtaji wa kutosha, na bima ya amana wakati huo ilikuwa inamlipa mtu hadi shilingi milioni 1.5 tu, zaidi ya hapo usubiri mfilisi. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi milioni 7.5, lakini Profesa hapendi kukitaja.

Halafu anakuja kwenye penyewe. Oktoba 2008, mwezi mmoja tu baada ya Lehman Brothers ya Marekani kufilisika, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alisambaza waraka wa kurasa 9. Kama ni mwanamume, mwanamke au kundi, mpaka leo haijathibitishwa. Alichokuwa anasema, ukikimenya, ni hiki: tatizo la fedha ni kwamba lazima umwamini mtu, basi tutengeneze fedha isiyohitaji kumwamini mtu. Januari 2009 akaianzisha, na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa akabandika kichwa cha habari cha gazeti la The Times kuhusu Serikali ya Uingereza kutaka kuziokoa benki kwa mara ya pili. Kejeli hiyo.

Mfumo wenyewe ni daftari. Si daftari la twiga la kijumbe wetu; hili lina nakala kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na kila baada ya dakika 10 hivi linaongezwa ukurasa mpya. Kila ukurasa umebeba alama ya ukurasa uliotangulia, kiasi kwamba ukitaka kufuta deni lako la mwaka juzi inabidi uandike upya kurasa zote zilizofuata, na uwashinde mbio wanaoandika wakati huohuo. Anayefanikiwa kuongeza ukurasa analipwa sarafu mpya: mwanzoni 50, kisha malipo hayo yanakatwa nusu kila baada ya kurasa 210,000, takriban miaka 4. Aprili 2024 yalishuka kuwa 3.125. Jumla ya sarafu zote haitavuka milioni 21. Hakuna gavana wa kuchapisha zaidi kwa sababu uchaguzi umekaribia.

Mimi ni mtu wa maneno, si wa hesabu, na kilichonishika hapo ni neno. Kiswahili kina neno amana. Benki hulitumia kwa fedha tunazoweka kwao, ndiyo maana kuna Bodi ya Bima ya Amana. Bibi zetu hulitumia kwa chochote ulichoachiwa ukitunze: kitanda, siri, mtoto wa marehemu. Amana, imani, uaminifu, kuamini: wote ni watoto wa mzizi mmoja uliotoka Uarabuni. Sasa anakuja bwana asiye na sura anasema, nimetengeneza amana isiyohitaji imani. Je, inawezekana? Au ni kama kusema nimetengeneza ndoa isiyohitaji mtu wa pili?

Tazama mambo yalivyokwenda. Mwaka 2014 soko la Tokyo lililoitwa Mt. Gox, ambalo wakati mmoja lilikuwa kubwa kuliko yote ya Bitcoin, lilifilisika na kutangaza kwamba sarafu zipatazo 850,000 hazionekani (kama 200,000 zilipatikana baadaye). Novemba 2022 FTX, soko lililokuwa likijitangaza mpaka kwenye viwanja vya michezo vya Marekani, lilianguka ndani ya siku chache. Hela za wateja zilikuwa zimepelekwa kwenye kampuni dada. Machi 2024 bosi wake alihukumiwa miaka 25 jela. Na kila mara wapenzi wa sarafu hizi wanasema, na wanasema kweli: daftari halikuvunjwa. Daftari lilikuwa zima. Watu waliliacha wenyewe, wakaenda kumpa binadamu awashikie. Yaani tulitengenezewa kitu kisichohitaji kijumbe, na cha kwanza tulichofanya ni kutafuta kijumbe, tena asiyeujua mtaa wetu.

Siwacheki. Maana ukikataa kijumbe, inabidi ushike mwenyewe, na kushika mwenyewe maana yake ni maneno 12 au 24 ya Kiingereza uliyoyaandika kwenye karatasi. Panya akiila karatasi, basi. Hakuna kaunta ya malalamiko. Yuko mtu mmoja wa Newport, kule Wales, ambaye mwaka 2013 diski ya kompyuta yake ilitupwa jalalani ikiwa na ufunguo wa sarafu kama 8,000. Akahangaika na halmashauri miaka mingi aruhusiwe kufukua takataka. Januari 2025 mahakama ikaitupa kesi yake. Mimi binafsi nimepoteza laini ya simu mara 3 tangu nimalize shule. Kwa hiyo usinidanganye kwamba hapa hakuna wa kumwamini. Yupo. Ni mimi, na simjui vizuri.

Kuna na wale ambao hata daftari hawakuwa nalo. OneCoin iliuza "sarafu" dunia nzima, Uganda ikiwemo, bila daftari la wazi ambalo yeyote angeweza kulikagua. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka mwaka 2017 na bado jina lake liko kwenye orodha ya wanaotafutwa na FBI. Hapa kwetu tulikuwa na DECI, iliyosimamishwa mwaka 2009, ambako watu "walipanda mbegu" wakingoja mavuno. Kompyuta haikuhitajika. Ilihitajika foleni ndefu na jirani aliyevuna jana. Tapeli hana haja ya teknolojia mpya. Anahitaji msamiati mpya tu, na sisi tunaojiita waandishi tungepaswa kuwa wa kwanza kuunusa.

Basi. Nimezunguka sana. Nilichotaka kusema ni hiki.

Tarehe 4 Novemba 2024, siku moja kabla ya Wamarekani kupiga kura, nilichukua milioni 1 na laki 8 za mama nikanunua Bitcoin.

Nilivyonunua ni mfano tosha wa fedha isiyohitaji imani. Benki Kuu yetu ilikwishatoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kisheria nchini. Juni 2021 Rais Samia aliwahimiza Benki Kuu wajiandae kwa ajili yake. Mwaka 2024 Bunge likaweka kodi ya asilimia 3 kwa anayehamisha mali za kidijitali. Ukiniuliza mimi mpaka hapo ni halali au si halali, nitakujibu kwamba kinachotozwa kodi angalau kimeonekana. Hakuna dirisha la kwenda kununulia. Unanunua mtu kwa mtu. Nikatuma hela ya mama kwa simu kwa mtu ambaye namjua kwa herufi tisa na picha ya simba. Dakika 7 nilikaa pale nje ya steshenari ninakofanyia kazi, jasho linanitoka, nikingoja huyo simba athibitishe kwamba amepokea. Nikamwomba Mungu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mfumo usiohitaji imani.

Nadhani umeshajua kilichotokea, maana kimeandikwa kwenye historia ya bei. Sarafu niliyoinunua ikiwa karibu dola 68,000, wiki 2 baadaye ilikuwa 90,000. Nikauza. Baada ya makato na ujanja wa wanunuzi nikabaki na milioni 2 na laki 2 na nusu. Nikamrudishia mama milioni 1 na laki 8 zake pale alipozitaka, kamili, hakuna shilingi iliyopungua. Akanishukuru kwa kutozitumia. Laki 4 na nusu nikapeleka kwa mchapaji, ndiyo malipo ya awali ya kijitabu changu cha hadithi, kile ambacho wengine wenu mmekuwa mkiniuliza kitatoka lini.

Profesa nilipomsimulia alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa umekosa nini? Mama kapoteza nini?" Na kwa kweli nimelitafuta jibu miezi mingi. Hesabu ya mama iko sawa. Mdogo wangu amesoma. Mabati yapo juu, mvua haiingii. Ukitafuta aliyeumia humpati.

Lakini jaribu kurudisha saa nyuma. Novemba 2021 sarafu hiyohiyo ilikuwa karibu dola 69,000, na mwaka mmoja baadaye ilishuka chini ya 16,000. Kijana kama mimi aliyefanya nilichofanya mimi, kwa moyo uleule, kwa mapenzi yaleyale kwa mama yake, ila miaka 3 mapema, leo ni mwizi mtaani kwao. Je, yeye ni mbaya na mimi ni mwema kwa sababu ya tarehe? Kama kitendo kilikuwa kibaya, kilikuwa kibaya ile saa 4 asubuhi nilipobonyeza, kabla bei haijaenda popote. Na kama kilikuwa chema, mbona sikumwambia?

Hapo ndipo hoja ya benki za Profesa inaponiponyoka. Ningeziweka benki ikafungwa, mama angelia, tungelia wote, ila asingeniangalia vibaya. Si kwa sababu benki haifilisiki. Ni kwa sababu hatari ile angekuwa anaijua, imekuwa yake. Mchezo nao una hatari, na anaujua kuliko mimi, anacheza hivyohivyo. Mimi sikumwongezea hatari tu. Nilimnyang'anya haki ya kuogopa.

Nilimwendea ustadhi mmoja, nikamuuliza kwa kisingizio cha "rafiki yangu". Akanieleza kwamba aliyekabidhiwa amana akiitumia bila idhini anabeba dhamana yake, ikipotea, analipa. Nikasema haikupotea, ilizaa. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Huyo rafiki yako, faida kaipeleka wapi?" Nikamwambia simjui sana.

Hela yangu mwenyewe? Hilo ndilo swali mlilotaka nilijibu, na sasa naliona dogo. Nimeacha kiasi kidogo humo, kiasi ambacho kikiyeyuka nitanuna wiki moja. Ila hata neno "yangu" lina utata. Nikifilisika nitakula kwa nani? Dada yangu akikwama atampigia nani? Huku kwetu akiba ya mtu mmoja huwa ina wenyewe wengi, wengine hawajazaliwa, na sijaona waraka wa kurasa 9 unaowataja. Kipimo changu kwa sasa ni cha kienyeji: je, naweza kumweleza mama jambo hili, kwa Kiswahili cha jikoni, akiwa anachambua mchele, na nisishushe macho?

Kijitabu kipo kwa mchapaji. Ukurasa wa shukrani nimeuandika mara 4 na kuufuta. Jina la mama lipo, hilo lazima, ila sijui niandike amenifadhili au amenivumilia, maana la kwanza atauliza lini.

Mchezo umeshazunguka, na zamu yake imefika tena. Jana jioni amenipigia simu: kijumbe analeta Jumamosi, nisichelewe, na nije na ile simu yangu isiyo na matapeli.