Mawe Mawili Mfukoni

Duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Ggaba, pale Kabalagala, Kampala, hupima kwa lugha nne chini ya paa moja. Saruji ni mfuko wa kilo 50. Nondo ni za milimita 12. Mbao ni mbili kwa nne, kwa inchi, na urefu wake ni futi. Misumari huitwa kwa inchi lakini hupimwa kwa kilo. Mabati yana geji, hesabu ya kinyumenyume ambayo namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba. Na mteja anayebeba vitu hivyo anakwenda kujenga kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho dalali alikiita desimali 12 hivi, ingawa ukigawa ekari mara mia kiwanja hicho hakifiki hata desimali 11 na nusu. Hati nayo itasema hekta 0.0465. Hata neno mailo, jina la umilikaji wa ardhi wa Buganda, limetokana na maili za mraba zilizogawiwa katika Mkataba wa 1900. Mbele ya mchanganyiko huu nauliza swali ambalo mahubiri hulipita haraka: je, mwenye duka ana dhima mbele ya Mungu anapochagua kipimo, au dhima yake inaanza baadaye, wakati wa kukijaza?

Jibu la wengi ni hilo la pili, nalo lina hoja. Surat al-Mutaffifin inawaonya wapunjao, na Nabii Shuaib alitumwa kwa watu wa Madyan kuwakataza kupunguza vipimo, lakini hakuna mahali wanapoambiwa wapime kwa kitu gani. Nabii Amosi anawakemea wanaoipunguza efa na kuizidisha shekeli, bila kusema efa ni bora kuliko debe. Kwa hiyo, husemwa, inchi na sentimita mbele ya Mungu ni sawa, jaza tu. Nadhani hitimisho hilo limekuja mapema mno. Soma tena namna sura ile inavyomweleza mpunjaji: ni mtu anayedai kipimo kamili akiwa upande wa kupokea, kisha akapunguza akiwa upande wa kutoa. Kosa lake linatokana na kukaa mahali ambapo yeye peke yake ndiye anayejua kipimo kinasema nini. Na tukishakubali kwamba ubaya uko hapo, kuchagua kipimo hakuwezi tena kuwa jambo la pembeni, kwa sababu ndiko kunakoamua nani atajua na nani atabaki kuamini tu.

Wanazuoni wa kale walilijua hili kuliko sisi. Imepokewa katika Hadithi kwamba kipimo cha ujazo ni cha watu wa Madina na kipimo cha uzito ni cha watu wa Makka. Ufafanuzi wa kawaida ni kwamba Madina walikuwa wakulima wa tende na nafaka, waliozoea kujaza na kumwaga, ilhali Makka walikuwa wafanyabiashara waliopima fedha na dhahabu. Kila mji ukapewa mamlaka juu ya kipimo ulichoishi nacho. Kuna pia habari mashuhuri ya Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliyeshikilia kwamba pishi ya Mtume, yaani saa, ilikuwa ratili nane. Alipofika Madina, watu walimletea vyombo vyao walivyorithi kwa baba zao, akavipima, akavikuta ratili tano na theluthi, akaiacha kauli ya mwalimu wake. Mwanachuoni alishindwa na kopo la nyumbani! Lakini alishindwa kwa haki, maana kopo lile lilikuwa limekaguliwa na mikono mingi, kizazi baada ya kizazi.

Basi naweka dai langu hivi: kipimo cha haki ni kile ambacho mnyonge wa biashara hiyo anaweza kukikagua mwenyewe. Mama anayejua chumba chake ni futi 10 kwa 12 anapofika dukani na kukuta vigae vinauzwa kwa mita za mraba, hana la kufanya ila kumkabidhi muuzaji hesabu. Chumba hicho ni mita za mraba 11 na kidogo. Akiambiwa 13, atalipa 13, na hakuna mzani uliochezewa wala mhuri wa Shirika la Viwango la Uganda uliovunjwa. Sheria ya vipimo inaweza kukagua chombo. Haiwezi kukagua umbali uliopo kati ya chombo na kichwa cha mnunuzi. Sisemi mnyonge ni mteja siku zote. Huko mashambani Tanzania, gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, humwumiza mkulima anayeuza, na mwenye kupendelea gunia badala ya kilo ni mnunuzi. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanapigana na lumbesa kwa mzani, nao wako sahihi: hapo kilo ndiyo silaha ya mnyonge.

Pingamizi kubwa linatoka Kabalagala kwenyewe. Huu ni mtaa wa wageni. Waeritrea, Waethiopia, Wakongo na Wasudani wanaishi na kununua hapa na Kansanga jirani, na wengi wao hawakukulia kwenye futi za Mwingereza. Ukimwachia kila mnunuzi kipimo cha mazoea, mwenyeji atastarehe na mgeni ataliwa. Pingamizi hili silikwepi. Maandiko yenyewe yanalipa nguvu. Katika Mambo ya Walawi sura ya 19, amri ya kumpenda mgeni iko katika aya ya 33 na 34, na amri ya mizani ya haki inafuata papo hapo, aya ya 35. Sidhani ujirani huo ni wa bahati. Mgeni ndiye mtu asiye na kopo la kurithi, na kilo ilibuniwa kwa ajili yake: kipimo kisicho na kwao. Kwa sababu hiyo simwonei huruma kamili Steve Thoburn, muuza matunda wa Sunderland, Uingereza, aliyetiwa hatiani mwaka 2001 katika kesi ya ndizi zilizouzwa kwa ratili za Kiingereza badala ya kilo. Wateja wake walimwelewa, ni kweli. Lakini mzani usiosema kilo ulikuwa bubu kwa mpita njia. (Uganda, ambako matoke huuzwa kwa mkungu na kabalagala, kile kitumbua cha ndizi kinachoshiriki jina na mtaa, huuzwa kwa idadi, kesi hiyo ingewachekesha watu sokoni.)

Je, mwenye duka aweke vipimo vyote viwili, cha mwenyeji na cha mgeni? Hapo atakumbushwa Kumbukumbu la Torati, linalokataza kuwa na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Lakini mawe hayo yamo mfukoni, na mfuko ndio uliobeba dhambi. Mwenye nayo huchagua la kutoa baada ya kumwangalia mteja usoni. Futi na mita zilizoandikwa pamoja ukutani, na bei yao moja, ni mawe yaliyotolewa nje. Futikamba yenyewe ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na mteja anaweza kushika ncha yake. Linalobaki gumu ni bati. Unene wa geji 28 na geji 30 hautofautishwi kwa jicho, na chombo cha kuupima, maikromita, mjenzi wa kawaida hana. Mwenye duka akiwa nacho, na kikakaa ndani ya droo, sioni kinatofautianaje na lile jiwe la pili.