Kabla ya Jukwaa, Hati

Wanangu, andiko lenu la kituo cha michezo cha vijana nimelisoma lote, hadi michoro ya jukwaa lenye paa. Ukubwa wake haunitishi. Mpanda ni makao makuu ya mkoa tangu Katavi imegwe kutoka Rukwa mwaka 2012, na vijana wa Makanyagio na Nsemulwa wanastahili pa kuchezea pa maana. Kinachonisumbua ni kwamba kurasa zote ni fedha, na ardhi mmeipa maneno mawili tu: "kiwanja kipo."

Kipo kwa jina la nani? Tazameni Kirumba kule Mwanza, Sokoine pale Mbeya, Nelson Mandela pale Sumbawanga, makao ya mkoa wetu wa zamani. Vyote viko mikononi mwa CCM. Sisemi kwa ubaya. Enzi za chama kimoja chama na serikali vilikuwa kitu kimoja, nani angeuliza? Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, swali la mwenye uwanja likazuka, na halijaisha hadi leo. Nanyi liulizeni sasa, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji. Pateni muhtasari wa mkutano wa mtaa, mwende kwa afisa ardhi, eneo lipimwe, mawe ya mipaka yawekwe, na hati iseme wazi kuwa ni eneo la michezo. Eneo lisilopimwa leo linachezewa mpira, kesho mtakuta fremu za maduka.

Sasa fedha. Mmeandika mtajenga kwa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hapana. Sheria ya 2018 imegawa fungu hilo nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na ni mkopo wa vikundi, hauna riba lakini unarejeshwa. Goli litarejesha nini? Kikundi cha kufyatua tofali kinaweza kukopa, kikauzia mradi na kuuzia wengine, hapo nitawaelewa. Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kisheria mwaka 2009, ni wa kuchochea kazi ambayo wananchi wameshaianza, kwa hiyo chimbeni msingi kwanza ndipo mumwone mbunge. Na wenye leseni za madini, tangu marekebisho ya 2017, wanapaswa kukubaliana na halmashauri mpango wa kusaidia jamii. Ombi lenu lipite kwa diwani na kamati ya maendeleo ya kata mapema. Mpango ukishasainiwa mtaambiwa mngoje mwakani.

Najua mnaitaja Kidongo Chekundu ya Dar es Salaam, ile Rais Kikwete aliyoizindua Oktoba 2015. Kituo kizuri. Lakini nyuma yake walikuwepo Symbion, kampuni ya umeme, na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Huku mwisho wa reli ya kutoka Kaliua, mfadhili wa namna hiyo msimpangie bajeti kabla hajabisha hodi.

Ukurasa niliokosa kabisa ni wa matunzo. Mnajua mvua zetu. Zikianza Novemba, kufikia Januari nyasi zinafika magotini, na mpira ukiingia kona watoto wanautafuta kwa miguu huku wakiogopa nyoka. Nani anafyeka, kwa mshahara wa nani? Kiangazi ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Maji ya kumwagilia yanatoka wapi, na ankara inalipwa na nani? Nyavu zikichanika? Mlinzi akiacha kazi, milango ya choo itabaki na bawaba? Nimeona majengo yakikatiwa utepe kwa ngoma na pilau, mwaka wa tatu mbuzi wamelala humo. Wekeni ada: timu za watumishi na waandaaji wa ndondo walipe, watoto wa shule wacheze bure. Fedha ziingie benki, watia saini wawe watatu, mmoja awe binti.

Na huyo binti asiwe wa kusaini tu. Kwenye mchoro wenu netiboli imebanwa nyuma ya jukwaa, karibu na dampo. Ihamisheni, muipe saa zake kwenye ratiba kabla giza halijaingia, maana mama hatamruhusu mwanawe arudi Kakese usiku.

Mkisharekebisha, nileteeni kwanza muhtasari wa mtaa na hesabu ya matunzo. Jukwaa nitalitazama baadaye.