Kadiri ya Mkono na Kadiri ya Nafsi

Methali yetu isemayo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza ina ukweli mwingi sokoni, lakini katika mambo ya sanaa mara nyingi hukosa ushahidi, kwani viko vizuri ambavyo uzuri wao wenyewe ni kujizuia, na ajizuiaye hapigi kelele mlangoni. Nami kila nionapo watu wakiwahesabu mabingwa wa gitaa wa zama zile za roki nzito ya Uingereza, wakawataja Jimmy Page na Ritchie Blackmore na Tony Iommi, ambao kwa haki wanastahili kutajwa, kisha wakampita Paul Kossoff wa kundi la Free kana kwamba hakuwapo, huona kwamba kasoro haiko katika masikio yao bali katika mizani wanayopimia.

Kossoff alizaliwa London tarehe 14 Septemba 1950, mwana wa David Kossoff, mwigizaji wa Kiyahudi aliyejulikana mno nchini mwake kwa kuwasimulia watu visa vya Biblia, redioni na katika televisheni, kwa lugha nyepesi ya mazungumzo. Utotoni alifundishwa gitaa kwa kanuni za muziki wa kale wa Ulaya; alipokuwa kijana alifanya kazi katika duka la ala za muziki katika barabara ya Charing Cross, na mwaka 1968, kabla hajatimiza miaka 18, akaungana na Simon Kirke mpigaji ngoma, Paul Rodgers mwimbaji, na Andy Fraser mpigaji besi, ambaye alikuwa na umri wa miaka 15 tu. Santuri yao ya tatu, Fire and Water, ilitoka mwaka 1970, na wimbo mmoja uliomo, "All Right Now", ukafika nafasi ya 2 katika orodha ya Uingereza na ya 4 katika ile ya Marekani. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo walisimama mbele ya umati mkubwa mno katika tamasha la kisiwa cha Wight. Aliyekuwa ameshika gitaa jukwaani hapo alikuwa bado hajatimiza miaka 20.

Alikuwa akipiga sauti chache. Katika zama ambazo wepesi wa vidole ulikuwa umeanza kuhesabiwa kuwa ndio ustadi wenyewe, yeye aliichukua sauti moja kutoka katika gitaa lake la Gibson Les Paul, akaisukuma juu kwa kuuvuta uzi pembeni, akautikisa kwa nguvu za kifundo cha mkono, hata sauti ikapanda na kurejea, ikapanda na kurejea, upesi na kwa upana, mfano wa sauti ya mtu azuiaye kilio. Na amplifaya za Marshall, zilizofunguliwa mpaka sauti ikakwaruza, zikaifanya idumu muda mrefu kuliko nyuzi zenyewe zingaliweza. Kisha akanyamaza. Katika beti za "All Right Now" besi haipigwi kabisa. Mwimbaji ameachiwa ngoma na gitaa tu, na gitaa lenyewe hukata sauti zake na kusimama, hata ile nafasi tupu baina ya mkato na mkato ikawa ni sehemu ya wimbo sawa na maneno yanayoimbwa, na besi inapoingia katika kiitikio msikilizaji huitambua kwa mwili wote. Mpigaji mwenye pupa angaliijaza nafasi ile. Kossoff aliiacha, na kuacha kule ndiko kunakonifanya nimhesabu miongoni mwa wakubwa.

Lakini huyu aliyekuwa na kadiri kubwa namna hii mkononi hakuwa nayo katika maisha yake. Santuri iliyofuata, Highway, haikupata wanunuzi wengi, kundi likavunjika mwaka 1971, na dawa za kulevya zikamshika kwa namna ambayo hakupata tena kuachana nazo. Wenzake walirudiana mwaka 1972, na miongoni mwa sababu za kurudiana kwao ilikuwa ni kumnusuru yeye. Wakati wa kurekodi Heartbreaker, iliyotoka mwaka 1973, Fraser alikuwa amekwisha kuondoka, na Kossoff mwenyewe hakuweza kupiga katika nyimbo zote. Mwaka 1975 moyo wake ulisimama na madaktari wakamrudisha. Tarehe 19 Machi 1976 alifariki ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda New York, akiwa na umri wa miaka 25.

Hapa ndipo panapozuka swali ambalo kwangu ni la dini na la falsafa kabla ya kuwa la muziki. Je, ule wastani wa mkono ulikuwa ni fadhila ya kweli, au ulikuwa ni ufundi tu, usiohusiana na nafsi ya mwenye mkono? Aristotle, katika kitabu chake cha akhlaki, alivitenganisha viwili hivi kwa hoja yenye nguvu: fundi akosaye kwa makusudi, alisema, ni bora kuliko fundi akosaye bila ya kukusudia, ilhali katika fadhila mambo huwa kinyume. Kwa kauli hii jambo lingekwisha upesi, tukasema kwamba Kossoff alikuwa fundi hodari na mtu dhaifu, na hakuna ajabu yoyote. Mimi sitosheki na jibu hili. Imamu Ghazali, katika Ihya Ulumiddin, aliieleza hulka kuwa ni hali iliyojikita katika nafsi, ambayo vitendo hutoka humo kwa wepesi bila ya kuhitaji kutafakari. Na yeyote aliyesikia jinsi kijana yule wa miaka 19 alivyokuwa akinyamaza pale ambapo kila kishawishi kilimtaka aseme, hawezi kukana kwamba kunyamaza kule kulitoka kwa wepesi, pasi na hesabu, kutoka mahali palipo ndani zaidi ya vidole. Kama si hulka hiyo, sijui hulka ni nini.

Ninavyoona mimi, kosa letu ni kuidhani fadhila kuwa mali ya mtu mmoja mmoja, aibebayo peke yake popote aendapo. Kimya cha mpigaji gitaa husikika kuwa ni kimya chenye maana pale tu ambapo yuko mwingine ashikaye mwendo. Kossoff aliweza kuacha kwa sababu Kirke hakuharakisha, kwa sababu Fraser alijua lini aingie na lini asiingie, na kwa sababu sauti ya Rodgers ilistahili kuachiwa nafasi. Kadiri ile ilikuwa imewekwa baina ya wanne, na kila mmoja alishika fungu lake. Lilipovunjika kundi, hakupoteza kazi tu. Alipoteza mahali ambapo wema wake ulikuwa ukikaa. Si bure kwamba Ghazali huyo huyo, aliyetumia kurasa nyingi mno kueleza jinsi ya kuitibu nafsi, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya kwa ajili ya adabu za udugu na suhuba. Msikilizaji akitaka ushahidi na asikilize "Tuesday Morning", iliyomo katika santuri Back Street Crawler aliyoitoa kwa jina lake mwaka 1973 pamoja na wapigaji wengine: wimbo unaochukua upande mzima wa sahani, wenye sauti zile zile zinazotetemeka, tena nzuri, lakini zinatafuta mpaka na hazikuti wa kuziwekea.

Sisemi haya ili kumwondolea dhima. Mwili ni amana, na kipaji ni amana, na anayezipoteza ataulizwa. Wala sisemi kwamba wenzake walimwangusha, kwani walijaribu, na mtu hawezi kushikiwa nafsi yake na rafiki milele. Nasema tu kwamba tukizipanga safu za wapigaji kwa kumpima kila mmoja peke yake, kwa wingi wa sauti na urefu wa sehemu anazopiga akiwa pekee, hatutamwona mtu ambaye ubora wake wote ulikuwa katika kile alichowaachia wengine, na ambaye, zaidi ya hayo, jina lake si miongoni mwa yale mawili yanayotajwa kuwa ya watunzi wa "All Right Now".

Baba yake alilielewa jambo la kuachiana kwa njia ya uchungu mkubwa. Mtu aliyezoea kusimulia vitabu ambamo Mfalme Daudi anamlilia mwanawe Absalomu alipatwa na msiba ule ule, naye hakuuficha: baada ya mwaka 1976 alizunguka na mchezo wa jukwaani wa mtu mmoja, akieleza habari za kifo cha mwanawe, ili wazazi na vijana wapate tahadhari juu ya dawa za kulevya. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa visa vyote alivyovisimulia kabla.

Anayetaka kumjua Kossoff na aanze na wimbo "Mr. Big" katika Fire and Water, wala asilikimbilie gitaa. Ifikapo katikati, pale ambapo kundi lolote jingine la wakati ule lingempa mpigaji gitaa uwanja wote, ni besi ya Fraser inayotoka mbele na kuzungumza, na Kossoff yuko nyuma yake, anashikilia sauti pana zinazobadilika polepole, anaongeza nguvu kidogo kidogo kadiri mwenzake anavyopanda, wala hamwingilii hata mara moja.