Mwenye nyumba na mipaka ya miliki yake

Mwaka 2019 vyama viwili vya wenye nyumba jijini New York, Marekani, vilikwenda mahakamani kupinga sheria inayodhibiti kodi za fleti zipatazo milioni 1. Sheria hiyo ilianza 1969, na mwaka huo wa 2019 ilikazwa zaidi. Hoja yao ni kuwa kumpangia mtu kodi na kumzuia kumtoa mpangaji ni kumnyang'anya mali yake bila fidia, jambo ambalo Katiba ya nchi hiyo imelikataza. Walishindwa katika rufaa Februari 2023, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikakataa kuwasikiliza.

Katiba yao tuwaachie wenyewe. Swali linalotuhusu Waislamu ni hili: je, anayemiliki nyumba ana haki ya kufanya nayo lolote?

Wapo watakaojibu kwamba Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei zilipopanda Madina. Ni kweli, na Hadithi hiyo ameipokea Anas (r.a.). Lakini Ibn Taymiyya amefafanua kuwa hilo ni pale bei inapopanda bila ya dhulma ya mtu. Watu wakiwa na dharura, na mwenye kitu akaitumia dharura hiyo kuwakamua, mtawala humlazimisha atoze thamani ya haki. Na haki ni ya pande mbili: mwenye nyumba ambaye kodi haimtoshi hata kukarabati paa, naye amedhulumiwa.

Samura bin Jundub (r.a.) alikuwa na mtende ndani ya shamba la Ansari mmoja, akimuudhi kwa kuingia na kutoka. Mtume (s.a.w.) alimtaka auuze, akakataa. Abadilishane, akakataa. Autoe, akakataa. Ndipo akaamuru ung'olewe. Mtende ulikuwa wake, lakini kudhuru hakukuwa haki yake.

Hapa Dar es Salaam hatuna sheria kama ile ya New York. Mwenye nyumba humdai kijana wa mshahara wa mwezi kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kisha akasema wamekubaliana kwa hiari. Hiari gani ya mtu asiye na pa kulala?

Mtume (s.a.w.) alionya kuwa aliyemhukumia haki ya nduguye kwa sababu ya ufasaha wa hoja zake, amemkatia kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi dhulma, kimya cha sheria kitaihalalishaje?