Tutunze Gazeti la Siku ya Kwanza

Usiku wa Jumanne, tarehe 28 Januari 2020, Mtanzania Mbwana Ally Samatta alivaa jezi namba 20 ya Aston Villa na kucheza kwa mara ya kwanza pale Villa Park. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Leicester City. Villa walishinda 2-1 kwa bao la Trezeguet katika dakika za majeruhi, na kwa saa zetu mpira ulikwisha usiku wa manane, wakati magari ya magazeti ya asubuhi yameshaanza kupakiwa. Anayelitaka gazeti la siku hiyo ya Samatta asihangaike na la tarehe 29. Atafute la tarehe 30.

Mimi ninalo. Limelala ndani ya bahasha ya kaki, kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Kingo zimekuwa za njano, mkunjo wa katikati umeanza kuachia, na ukipitisha kidole chenye jasho wino bado unakuchafua. Kurasa za ndani kuna msimamo wa Ligi Kuu, tangazo la mganga, na barua ya msomaji anayelalamikia waamuzi. Nazipenda kurasa hizo sawa na ile ya mbele, kwa sababu ndizo zinazonionyesha nchi ilikuwaje asubuhi ile.

Kwetu Mwanhuzi, wilayani Meatu mkoani Simiyu, gazeti halina maisha marefu. Linashuka kwenye basi jua likishageuka, linasomwa na kijiwe kizima, jioni liko kwa mama wa maandazi au kwa muuza ugoro. Simlaumu mtu, karatasi ni mali. Ninachosema ni kwamba yako magazeti machache ambayo hayastahili safari hiyo.

Wamarekani wapenzi wa besiboli wanalijua jambo hili vizuri. Kuna watu kule wanaotafuta kwa miaka gazeti lililoandika siku mchezaji fulani alipoanza ligi kuu, na hawataki kipande kilichokatwa kwa mkasi. Wanataka gazeti zima, kurasa zote. Miongoni mwa yanayotafutwa sana ni yale ya Aprili 1947, baada ya Jackie Robinson kuichezea Brooklyn Dodgers tarehe 15 na kuwa mtu mweusi wa kwanza katika ligi hiyo tangu karne ya 19. Siku hiyo Robinson hakuandikiwa hata pigo moja safi, ingawa ndiye aliyekimbia na kufunga pointi iliyowatanguliza Dodgers. Magazeti kadhaa ya Wazungu yalimpa mistari michache tu. Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi, lililipa jambo hilo uzito wake. Mwandishi wake Wendell Smith alikuwa amefuatana na Robinson safarini. Ukiyaweka magazeti hayo mezani pamoja, unaona nani alikuwa na macho na nani hakuwa nayo. Bara letu nalo lilipata siku yake miaka 70 baadaye. Tarehe 26 Aprili 2017, sisi tukiadhimisha Muungano, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia kuichezea Pittsburgh Pirates, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa huku kufika ligi hiyo, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga na kufika kituoni.

Thamani ya gazeti la siku ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kwamba halijui kesho. La Samatta halijui kwamba siku chache baadaye, tarehe 1 Februari, atawafunga Bournemouth, wala kwamba tarehe 1 Machi atawafunga Manchester City kwa kichwa pale Wembley. Halijui pia kwamba kabla mwaka haujaisha atakuwa Uturuki na Fenerbahçe. Mwandishi wake alikuwa na matumaini na hofu kama sisi. Vitabu vya baadaye vinasimulia kana kwamba kila kitu kilikuwa kimepangwa. Gazeti linatukumbusha kuwa kijana yule alianza bila hakikisho lolote, na hilo ndilo mtoto wa leo anahitaji kulisoma.

Tazama jirani yetu wa ng'ambo ya Mto Sibiti. Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni jijini Tokyo Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Magazeti yalijaa habari zake. Lakini ni nani kati yetu ana karatasi ya siku Simbu alipokimbia marathoni yake ya kwanza? Tunatunza vikombe, na picha za mazishi tunazitunza sana. Mianzo tunaiacha ipeperuke.

Kutunza hakuhitaji fedha nyingi. Lilaze gazeti bila kulikunja upya, mbali na jua na moshi wa jikoni. Usilibandike selotepu, maana gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka. Andika tarehe kwenye bahasha, si kwenye gazeti lenyewe.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa 2012. Karibu kila kitu chake cha kwanza kimetokea mbele ya macho ya watu ambao bado wako hai. Walimu wa michezo wa Meatu, orodha ya timu yenu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inapobandikwa kwenye ubao wa matangazo, msingoje mvua iichane. Ibandueni ikishatimiza kazi, muiweke kwenye jalada pamoja na gazeti la wiki hiyo. Nanyi wasomaji wenye magazeti ya zamani chini ya godoro au juu ya kabati, yapelekeni kwenye maktaba ya shule iliyo karibu nanyi kabla mchwa hawajayafikia.