Moyo Uliokauka na Mmea Unaofufuka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Muhula uliopita baba yangu aliugua, karo ikachelewa, na jina langu likabandikwa ukutani pamoja na wanaodaiwa. Katika wiki zile, mimi ninayesomea Taaluma za Kiislamu, niliacha kuamka Alfajiri. Baadaye Isha nayo ikaanza kunipita. Sikuikana dini, nilikauka tu. Nilifungua msahafu kwa ajili ya kazi ya darasani, nikaufunga, na moyoni hakuna kilichotikisika.

Mwenzangu wa chumbani anasomea sayansi ya mimea. Usiku mmoja alinisimulia habari za Profesa Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Akiwa na miaka tisa, kwenye shamba la baba yake, binti huyu aliuona mmea uliokuwa umekufa ukirudi kuwa hai baada ya mvua. Alipokua alisomea mbegu: kwa nini punje ya mahindi hukaa kavu ghalani na bado ikaota, ilhali mbegu za mchu, mti wa mikokoni, hufa zikikauka. Kisha akaurudia ule mmea wa utotoni, na kazi hiyo imekuwa kazi ya maisha yake. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO kwa wanawake katika sayansi. Tamaa yake ni kuona siku moja nafaka za mkulima maskini zikistahimili ukame kama mimea hiyo.

Huitwa mimea ya ufufuko. Hupoteza hata asilimia 95 ya maji yake, ikawa majani makavu ya kupondeka kiganjani. Mvua ikinyesha, ndani ya siku moja au mbili huwa kijani tena. Siri yake ni maandalizi. Ukavu unapoanza tu, mmea hujaza seli zake sukari, nayo huganda kama kioo na kuzishikilia zisibomoke. Mmoja hukunja majani jua lisiuunguze, mwingine huvunja kabisa rangi yake ya kijani. Na kinga hizo zinafanana na zile zilizoilinda mbegu; mmea haukuzisahau ulipokua. Lakini ukikaushwa ghafla mno, kabla haujajiandaa, mwingi wa mimea hii hufa kama magugu mengine.

Hapo nilinyamaza. Siku zote nililaumu ukame wa muhula ule. Kumbe kosa lilikuwa la mwaka wa kwanza, baba alipokuwa mzima na karo ikilipwa mapema. Wakati ule nilisali mbiombio, nyiradi niliziona ni za wazee, na dua sikuikumbuka kwa kuwa sikuwa na shida. Sikuweka akiba yoyote. Mtume (s.a.w.) alimuusia Ibn Abbas, akiwa bado kijana mdogo, amjue Mwenyezi Mungu wakati wa raha, naye atamjua wakati wa dhiki. Hadithi hiyo niliihifadhi, nikaijibia mtihani, nikapata alama nzuri. Sikuifanyia kazi.

Tusichanganye mambo, ndugu zangu. Mmea ule haukufa kweli. Uhai ulijificha ndani yake. Ufufuo wa Siku ya Kiyama ni wa waliokufa hasa, na hilo ni la Mwenyezi Mungu peke yake. Ila moyo wa muumini unafanana na mmea ule. Someni Surat Al-Hadid, aya ya 16 na 17. Waumini wanaulizwa kama bado haujafika wakati wa nyoyo zao kunyenyekea, wasiwe kama waliotangulia, ambao muda ulirefuka nyoyo zao zikawa ngumu. Mara tu baada ya swali hilo tunaambiwa tujue kwamba Mwenyezi Mungu huihuisha ardhi baada ya kufa kwake.

Basi wewe ambaye leo uko katika raha, weka akiba sasa: rakaa mbili za usiku, ukurasa mmoja wa Qur'ani, sadaka ndogo isiyokatika. Nawe uliyekwisha kukauka, usijihukumu kuwa kuni. Na sisi sote, tukimwona ndugu haonekani tena msikitini, tusiseme fulani ameharibika. Asiyeujua mmea ule huung'oa akautupa, na mvua iko njiani.

Mwenzangu hakunihubiria. Asubuhi iliyofuata nilikuta birika la maji ya udhu limewekwa kando ya kitanda changu. Na kesho yake tena. Siku ya tatu niliinuka.

Baba bado anaumwa, na karo haijakamilika. Lakini Alfajiri ninasimama. Mwombeeni.

Ewe Mola wetu, zihuishe nyoyo zetu kama unavyoihuisha ardhi, na utujaalie tukukumbuke katika raha kabla ya dhiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.